Mishumaa ya Matabaka Matatu

Jumanne, tarehe 19 Juni 2007. Ukungu umeshuka hapa Nkowe tangu alfajiri, ukakaa mpaka saa tatu. Kisha ukaanza upepo mkavu, ule wa kuburuta majani ya mikorosho uani na kumtoa mtu machozi bila kilio. Nimerudi kutoka Ruangwa mjini saa kumi na nusu, kwa baiskeli. Nimekaa kuandika, nimesimama, nimekwenda kuwaangalia kuku ambao hawana shida yoyote, nimerudi kukaa. Mama Agnes ameniuliza kama nina homa. Nimesema hapana. Nataka kuandika habari za Mwalimu leo hii, kabla sijaanza kuzipanga zinipendeze.

Mimi ni mtu wa darasa la saba. Mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Jina lake sitaliandika, maana hata wakati ule hatukulitumia. Shuleni kulikuwa na walimu zaidi ya kumi, lakini ukisema "Mwalimu kakasirika," hakuna aliyekuuliza yupi. Alifundisha sayansikimu kwenye sekondari ya wasichana karibu na misheni, Nachingwea. Mimi nilikuwa mhudumu: kufagia, kuchota maji, kuchanja kuni, kupeleka barua. Na kila mwaka, mwezi wa tano na wa sita, nilikuwa msaidizi wake wa mishumaa.

Mwaka tisini na tisa nilimwambia neno moja la uongo. Neno dogo tu. Alilichukua akalifanyia kazi miaka minane. Leo nilikwenda kulitoa kabla hajapanda basi la kurudi kwao moja kwa moja. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Lakini nikiiandika peke yake nitamwonea, maana Mwalimu hakuwa mtu wa neno moja.

Nikimkumbuka, naanza kukiona kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto. Ncha yake ilikuwa laini kama kokoto la mtoni, kwa kuungua mara nyingi. Kwa kidole hicho alipima nta. Alisema tabaka la kwanza likishaacha kung'ang'ania kidole, lakini bado linapokea alama kama uso wa uji uliopoa, hapo ndipo pa kumimina la pili. Ukiwahi, rangi zinaingiliana na mshumaa unakuwa kama tope. Ukichelewa, matabaka hayashikani. Wanafunzi walitaka awape dakika waandike. Hakuwapa.

"Dakika za wapi?" aliwauliza. "Za kwetu Usambara au za huku kwenu? Kwetu nta inaganda ukiwa umegeuka kupiga chafya. Huku jua linaipika mara ya pili."

Alikuwa mwanamke wa Lushoto. Mwaka wake wa kwanza Nachingwea, alituambia mwenyewe, aliharibu kila kitu alichokigusa, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado inafanya kazi kwenye ubaridi wa kwao. Alisema hivyo mbele ya darasa bila aibu. Lakini ukimwambia wewe kwamba ameharibu, ungejuta. Kosa aliloliona mwenyewe lilikuwa somo, na kosa aliloonyeshwa na mtu mwingine lilikuwa ukosefu wa adabu. Sijui niliandikeje hilo bila kumsengenya. Nadhani wengi wetu tuko hivyo, ila kwake lilionekana wazi zaidi.

Mishumaa yenyewe ilikuwa ya watoto wa Komunyo ya Kwanza pale parokiani. Ya njano chini, nyekundu katikati, nyeupe juu. Ya njano ilikuwa nta ya nyuki kutoka Ruponda, haikuhitaji rangi. Nyeupe tuliipata kwa kuyeyusha vipande vya mishumaa vilivyobaki kanisani. Nyekundu ilikuwa nyeupe hiyo hiyo, akiikwangulia kalamu za nta za kuchorea. Hatukuwa na vibati vya kumiminia. Tulitumia mianzi. Nilikuwa naipasua katikati kwa urefu, naifunga tena kwa vipande vya mpira wa baiskeli, naziba chini kwa udongo wa kichuguu, na ndani napaka mafuta ya ufuta kwa unyoya wa kuku ili mshumaa usigandane na mwanzi. Wazo la mianzi na kichuguu lilikuwa langu. Alilisema hilo kwa kila mgeni aliyekuja kutazama. "Fundi wangu ndiye huyu, baba Agnes, mimi nachochea tu." Hilo lazima liandikwe pia.

Dosari za juu ya mshumaa alizipa majina ya maradhi. Vitundu vidogo vidogo viliitwa ndui. Shimo la kuzunguka utambi liliitwa kitovu. Weupe kama unga uliojitokeza juu ya rangi ulikuwa mba. Mistari ya duara iliyozunguka ubavu ilikuwa mikanda. Wasichana walimpelekea mishumaa kama wagonjwa kwa mganga, wakijitia huzuni.

"Mwalimu, wangu ana ndui."

"Ulimimina kwa pupa, hewa ikanaswa. Mimina kwa kupitisha ukingoni, kisha uugonge mwanzi kwa kijiko, hewa itoke."

"Wangu ana mba, Mwalimu."

"Ulipoa haraka. Mwanzi ulikuwa kivulini. Uanike kwanza upate joto. Na wewe, sema, wako ana nini?"

"Kitovu, Mwalimu. Kinaingia kidole."

"Hukutoboa. Ukisubiri juu pagande, toboa kuzunguka utambi kwa sindano ya kufumia, halafu ujazie. Nta ikipoa inajikunja, hujui? Hata wewe ukipoa unajikunja."

Na baada ya mganga kusema yote alichovya mshumaa kwenye maji ya moto mara moja, haraka, akausugua kwa soksi ya nailoni kuukuu mpaka ukang'aa. Soksi hiyo aliifunga kwenye kitambaa kama hirizi. Msichana mmoja aliitumia kufutia ubao. Sitasahau.

Ubahili wake ulikuwa wa ajabu. Njiti moja ya kiberiti ilitakiwa iwashe mafiga mawili; tulikimbia na kijinga cha moto kutoka jikoni kwa wanafunzi mpaka kwenye darasa lake. Kuni alizikagua moja moja. Aligombana na mkuu wa shule kwa ajili ya kuni, hadharani, kwenye kikao. Lakini sukari yake iliisha tarehe kumi ya kila mwezi kwa sababu ya wagonjwa wa bwenini, na mke wangu alipojifungua Agnes, Mwalimu alileta kitenge kipya, akakiweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi, kama mwizi anayerudisha.

Na hili watu hawaamini. Aliyetengeneza mishumaa ya Wakatoliki alikuwa Mlutheri. Jumapili alikwenda kusali na watu kumi na wawili kwenye chumba cha kupanga karibu na soko. Padre alimtania, "Mwalimu, unawaangazia wenzako njia halafu wewe mwenyewe unapita pengine." Naye akajibu, "Padre, fundi viatu si lazima avae vyote." Nyumbani kwake sikuwahi kuona mshumaa. Alisahihisha madaftari kwa koroboi, moshi ukimpaka pua weusi. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema mshumaa wake ukiwaka mbele yake ataona makosa yake yote, hatasahihisha kitu.

Nta ya Ruponda aliileta mzee mmoja mrina asali, kwa miguu, ameifunga kwenye majani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabika, na baadhi ya walimu wageni walimwiga pembeni. Mwalimu alikaa naye chini, kwenye vumbi, na gauni lake la kazi, wakazungumza kwa vidole na macho. Safari moja donge la nta lilikuwa na mchanga katikati. Nilitegemea moto wa maneno. Yeye akamshika mzee mkono, akamzungusha nyuma ya jengo, akamwonyesha kule. Mimi niliwafuata na karai ndiyo maana nilisikia.

"Mzee, nta yako ina mchanga tumboni."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Safari iliyofuata alileta nta safi kama kiini cha yai.

Kwa hiyo Mwalimu alijua kumwonya mtu kwa siri. Nimelifikiria hili njia nzima leo, nikipandisha na kushuka. Alijua. Mimi hakunifanyia hivyo. Labda alinihesabu mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hasemwi kwa kificho. Labda nakuza. Sina hakika.

Mwaka tisini na nane nilipaka mianzi mafuta kidogo mno. Nilidhani nafanya vizuri, maana ubahili wake ulikuwa umeniingia. Tulipofungua mipira, mishumaa mingi iling'ang'ania mwanzi ikatoka imemenyeka ubavu. Akasimama mbele ya wasichana wa kidato cha pili, ameshika nusu ya mwanzi, akasema, "Baba Agnes, umepaka kama mtu anayetia chumvi ya kuazima."

Wasichana walicheka. Lilikuwa neno la kuchekesha, sikatai. Kwa wiki kadhaa nikipita na ufagio nilisikia nyuma yangu, "chumvi ya kuazima." Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne na mtoto mmoja. Niliamua moyoni kwamba mwaka unaofuata hakuna mwanzi utakaolalamika.

Mwaka uliofuata, Alhamisi kabla ya sherehe, tulimimina tabaka la njano, likashika, tukamimina jekundu. Mwalimu akaitwa kikaoni. Aliniambia niangalie lishike, na yeye angerudi kumimina nyeupe. Nikabaki na mianzi arobaini na kitu imesimama mstari kwenye mchanga. Nikaitazama sehemu ya juu, pale nyeupe itakapoingia. Nikaona mafuta niliyopaka asubuhi yamekauka, mwanzi umeyanywa. Nikachukua unyoya. Nikapaka tena, mengi, kila mwanzi, mpaka yakachuruzika.

Yalichuruzika kwenda wapi? Chini. Juu ya tabaka jekundu. Niliona yanatuama pale kama jicho. Nilijiambia nta ya moto itayameza.

Mwalimu alirudi amekasirishwa na kikao, akapima kwa kidole mwanzi wa kwanza tu, ule uliokuwa na mafuta machache, akaanza kumimina. Ijumaa tulipofungua, mishumaa ilitoka yenyewe, inateleza, inang'aa kuliko miaka yote. Alinipiga begani. "Leo umepaka kama baba wa watoto wengi." Kisha akausogeza mmoja kwenye dirisha. Pale nyekundu inapokutana na nyeupe palikuwa na mabaka, sehemu zilizopauka, kama ngozi iliyoachana na nyama.

"Haya mabaka ya nini, baba Agnes?"

Nilijua. Sikujua yote, lakini nilijua kuna kitu nimefanya. Nikasema, "Labda baridi, Mwalimu. Jana jioni palikuwa na upepo."

Ilikuwa mwezi wa sita, ni kweli asubuhi hushuka ubaridi. Akakubali. Akayasugua mabaka kwa soksi yakafifia.

Jumapili watoto waliingia kanisani wawili wawili, wasichana na magauni meupe, wavulana na mashati ya mikono mirefu, mishumaa inawaka. Hawakufika hata katikati. Kichwa cheupe cha mshumaa wa kwanza kiliteleza, kikaanguka na utambi wake ukachomoka. Kisha wa pili. Kisha vikawa vinaanguka huku na huku, tap, tap, kwenye sakafu, na nta ya moto kwenye magauni. Mtoto mmoja aliungua mkono, si sana, lakini alilia kwa sauti, na wenzake wakamfuata. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Hii ni dalili." Mwingine akasema, "Dalili gani, ni mishumaa ya Mlutheri." Mwalimu alikuwa amesimama ukutani, karibu na mlango. Hakutoka. Alikaa misa nzima, kisha akabaki kukwangua nta sakafuni kwa kisu cha mezani, na mimi nikikwangua upande wangu.

"Uliniambia baridi," alisema bila kuinua kichwa. "Ilikuwa baridi kiasi gani?"

Hapo ndipo mlango wa kukiri ulipokuwa wazi kabisa. Nikasema, "Kali, Mwalimu. Hata maji ya mtungi yaliuma meno."

Kwa haki yake niseme hakunitaja kwa Padre. Alisema kosa ni lake, hakufunika mianzi. Padre hakumkaripia. Ila mwaka uliofuata mishumaa ya watoto ilinunuliwa dukani, myeupe mitupu, na hakuna aliyemwambia, aliiona tu.

Ugonjwa ule aliupa jina la kuachana, na akaanza kuutibu. Alikuwa na daftari la kurasa nyingi la majaribio. Kwa kuwa nilimpa baridi, alipigana na baridi. Alifunga madirisha kwa magunia. Alizungushia mianzi blanketi lake mwenyewe. Alimimina nta ikiwa ya moto zaidi, rangi zikaingiliana, akapunguza, zikatoka na mikanda, akaongeza tena. Mianzi nilipaka vizuri sasa, si kidogo si mengi, kwa hiyo mishumaa haikuachana, lakini ilitoka na makosa mengine yote kwa sababu ya dawa za ugonjwa usiokuwepo. Kidole kile alianza kutokukiamini. Nilimwona anapima, anatoa, anapima tena, ananigeukia mimi: "Unaonaje, baba Agnes, imeshika?" Aniulize mimi! Nilitamani ardhi inimeze. Nilisema imeshika.

Mwaka elfu mbili na mbili alihamishiwa Ruangwa. Watu wanasema ni ule ugomvi wa kuni. Huenda. Siwezi kusema ni mishumaa, wala siwezi kusema si mishumaa. Mimi nilihamia huku Nkowe kwa wakwe zangu miaka miwili baadaye, kulima korosho na mbaazi. Mara moja nilimwona gulioni Chinongwe, anachagua ming'oko. Alipenda sana ming'oko, wageni wenzake walimcheka kwamba anakula mizizi ya porini. Aliinama akinusa moja moja. Mimi nilijibanza nyuma ya mtu wa samaki wakavu mpaka akaondoka, na nguo zangu zilinuka siku mbili.

Juzi mtu aliyetoka mjini akatuambia Mwalimu kastaafu, anafunga mizigo, Jumatano anaondoka kwenda kwao. Sikumweleza mama Agnes ninaenda kufanya nini. Nilisema nafuata dawa ya mikorosho.

Nilimkuta uani kwenye nyumba ya kupanga, amekaa juu ya sanduku la bati, anafunga sufuria kwa kamba. Amekonda, na miwani ameifunga kwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Chumvi ya kuazima."

Alicheka. Mimi sikuweza. Alinipa kigoda, akaniuliza Agnes yuko darasa la ngapi, korosho zimetoa maua namna gani, mama Agnes mguu wake umepona. Kila jibu nililompa lilikuwa linanizuia kusema nililolijia. Nilisimama mara mbili nikakaa.

"Una nini wewe? Kuna siafu?"

"Mwalimu, haikuwa baridi."

"Nini haikuwa baridi?"

"Mishumaa ya watoto. Mwaka ule. Ulipokuwa kikaoni nilipaka mafuta mara ya pili. Yalichuruzika yakatuama juu ya nyekundu. Niliyaona."

Aliishusha sufuria chini polepole. Kisha akaingia ndani, nikadhani hatatoka, akatoka na daftari. Alinifungulia ukurasa.

"Soma."

Nilisoma, taratibu, kama ninavyosoma. Kila jaribio lilikuwa na tarehe na hali ya hewa na namna alivyomimina, na chini yake, karibu kila ukurasa, sababu: baridi. Labda baridi. Baridi kidogo. Nilipofika ukurasa wa tano niliinua macho. Akasema endelea. Niliendelea mpaka akanyoosha mkono akalifunga.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "ningekutukana mpaka jua lizame. Halafu Jumamosi tungemimina mingine."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siku nzima ilikuwepo. Jumamosi nzima, baba Agnes. Uliogopa maneno yangu kuliko watoto kuungua."

"Watoto sikujua. Maneno nilikuwa nayajua."

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka. Alinitazama, nikaona limemfikia, na sikufurahi kwamba limemfikia. Akavua miwani.

"Na mimi sikunusa," akasema. "Ufuta unanuka. Mimi ninayewafundisha watu kunusa nyama na maziwa. Nilipima mwanzi mmoja nikaacha yote." Kisha akasimama ghafla. "Lakini neno lako tupu silipokei tena. Washa moto."

Nilidhani masikio yangu yananidanganya. Aliingia akafungua tena mzigo uliokwisha fungwa, akatoa kibonge cha nta, vipande vya mishumaa, kalamu nyekundu ya kuchorea, utambi, na mianzi miwili ambayo niliitambua, mipira yake ya baiskeli imepasuka pasuka. Alikuwa anaibeba kwenda nayo Lushoto, ambako ana uhakika haitahitajika. Nilikwenda kuomba kijinga cha moto kwa jirani. Mwalimu alitikisa kichwa kuona nimekumbuka.

Tulimimina mmoja wangu, mmoja wake. Kabla ya tabaka la juu alinipa unyoya na kichupa. "Fanya ulivyofanya." Nikapaka mwanzi mmoja mpaka ukachuruzika. Mwingine hatukuugusa. Alitia kidole kwenye ule mkavu. Alikaa nacho. Hakuniuliza kama imeshika. Akamimina.

Kusubiri kulikuwa kurefu. Alinipa chai ya rangi, tukakaa tumetazama pande tofauti. Upepo ulipuliza majivu kwenye vikombe. Nilitaka aseme kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

Tulipofungua, mishumaa ilikuwa sawa kwa macho. Ule wenye mafuta uling'aa zaidi. Alishika ule mkavu kwa mikono miwili akajaribu kuuvunja pale nyekundu inapokutana na nyeupe, ulikataa. Akashika wa pili. Kichwa chake cheupe kilitoka kama kifuniko. Akakigeuza akaniletea puani, sehemu ya ndani, laini, inang'aa, inanukia ufuta.

"Tazama," alisema. Sauti yake ilikuwa ya darasani, ile ya zamani. "Hakuna baridi inayofanya hivi."

Akanipa kalamu na daftari. "Andika wewe. Mwandiko wako." Niliandika: Sababu ilikuwa mafuta ya ufuta juu ya tabaka la pili. Niliyapaka mimi. Akasema nitie tarehe, nikatia. Akausoma mstari huo kwa muda mrefu kuliko urefu wake, akaliweka daftari sandukuni. Mshumaa mzima aliuzungushia ile soksi ya nailoni, bado anayo, akausokomeza katikati ya nguo. Uliovunjika akanipa mimi, vipande vyote viwili.

Mlangoni nilimuuliza kama amenisamehe.

"Usiniharakishe," alisema. "Wewe umekaa nalo miaka minane. Mimi ndiyo kwanza nalipata leo."

Kisha akaniita nikiwa nimeshapanda baiskeli. "Baba Agnes. Neno lile la chumvi. Lilikuwa baya?"

"Lilikuwa la kuchekesha, Mwalimu."

"Sijakuuliza hivyo."

"Lilikuwa baya."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kufunga sufuria.

Sijui kama nimefanya vizuri. Njiani nilifikiri nimejipunguzia mzigo nikamtwisha yeye, siku moja kabla ya safari ndefu. Halafu nilifikiri juu ya kile kidole kilivyoingia kwenye nta bila kuniuliza. Mawazo hayo mawili yamenifuata mpaka nyumbani na hakuna lililoshinda. Vipande viwili vya mshumaa viko hapa mezani. Agnes ameuliza kwa nini havishikani, nikamweleza yote, hata pale pa mtungi na meno. Mama Agnes alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Nilijua kwa sababu mwiko ulinyamaza.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa ufuta. Mafuta yalizidi kidogo, na safari hii nilisema.